Mwanandoa mmoja akifilisika Marekani, deni la kadi humfuata nani?

Sheria ya Marekani inamruhusu mume au mke kwenda mahakamani peke yake kuomba afutiwe madeni. Mwenzake hatii saini wala haitwi kuhojiwa. Hata hivyo kipato chake huulizwa, na pale jina lake lilipo kwenye mkataba wa kadi, deni hubaki shingoni mwake.

Mwaka 2023 jumla ya madeni ya kadi za mkopo nchini Marekani ilivuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza, kwa mujibu wa takwimu za tawi la New York la Benki Kuu ya nchi hiyo. Riba ya kadi hizo imekuwa ikizidi asilimia 20 kwa mwaka kwa wastani. Kwa familia inayolipa kile kiwango cha chini tu kinachotakiwa kila mwezi, sehemu kubwa ya fedha inayotoka mfukoni huishia kwenye riba, na deni lenyewe hupungua kwa mwendo wa kobe.

Miongoni mwa familia hizo wamo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kati wanaoishi Minneapolis, Columbus, Houston, Dallas, Seattle na katika vitongoji vya Washington. Kwa wengi wao kadi ya mkopo huanza kama njia ya kujenga historia ya mikopo, kwani asiyekuwa na historia hiyo hupata taabu kupanga nyumba au kununua gari. Kisha huja tiketi ya ndege ya ghafla kwa sababu ya msiba, ada ya shule ya mdogo wake mtu, au saa za kazi kupunguzwa. Malipo yakisimama kwa takriban miezi 6, benki kwa kawaida hulihesabu deni kuwa limepotea, na mara nyingi huliuza kwa kampuni ya kukusanya madeni. Kampuni hiyo hufungua kesi. Ikishinda, sheria ya shirikisho inaruhusu hadi robo ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima ikatwe kila siku ya malipo, ingawa majimbo machache, Texas likiwa mojawapo, hayaruhusu mshahara kukatwa kwa deni la aina hii.

Hapo ndipo neno kufilisika linapotajwa nyumbani, na swali la kwanza huwa ni iwapo mume na mke wanalazimika kwenda pamoja.

Hawalazimiki. Katiba ya Marekani imelipa Bunge la nchi hiyo mamlaka ya kutunga sheria moja ya ufilisi kwa nchi nzima. Sheria inayotumika hivi sasa ilipitishwa mwaka 1978, nayo ndiyo iliyoweka bayana kwamba mume na mke wanaweza kuwasilisha ombi moja la pamoja. Wanaweza, lakini hawashurutishwi. Ndoa haimnyimi mtu haki ya kwenda peke yake, na idhini ya mwenzake haihitajiki. Wala haki hiyo si ya raia pekee: anayeishi Marekani, au aliye na mali au biashara huko, anaruhusiwa kuwasilisha ombi.

Watu binafsi hutumia zaidi njia mbili, zinazoitwa kwa namba za sura zake katika sheria hiyo. Chini ya Sura ya 7, mdaiwa hukabidhi kwa mfilisi mali yote isiyolindwa na sheria, nayo mahakama humfutia madeni yanayofutika, kwa kawaida ndani ya miezi michache. Kwa kweli, katika mashauri mengi ya Sura ya 7 mfilisi hakuti kitu cha kuuza, kwani vyombo vya nyumbani, nguo na gari la thamani ndogo hulindwa. Chini ya Sura ya 13, mdaiwa hubaki na mali yake na kulipa sehemu ya madeni kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Katika njia zote mbili, dakika ombi linapopokelewa, wadai hutakiwa kusitisha simu, barua, kesi na makato ya mshahara.

Mwaka 2005 Bunge liliikaza sheria hiyo kwa shinikizo la mabenki na makampuni ya kadi. Mabadiliko hayo, yaliyotiwa saini na Rais George W. Bush, yalianza kutumika tarehe 17 Oktoba mwaka huo, na watu walikimbilia mahakamani kabla mlango haujafungwa; maombi ya mwaka huo yalizidi milioni 2. Mwaka 2024 yalikuwa zaidi ya 500,000.

Deni hufuata saini

Kanuni ya msingi ni rahisi kuieleza. Katika majimbo mengi ya Marekani, kuoa au kuolewa hakumfanyi mtu kuwa mdaiwa wa kadi ya mwenzake. Anayedaiwa ni yule aliyetia saini mkataba na benki. Utengano huo una historia yake. Hadi sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo ilipopitishwa, mwanamke aliyeolewa aliweza kunyimwa kadi kwa jina lake mwenyewe au kutakiwa saini ya mumewe. Sheria hiyo ilimpa mke kadi yake. Na pamoja na kadi, deni lake.

Mathalan, mke anayefanya kazi ya kuhudumia wazee huko Columbus, Ohio, ana kadi tatu kwa jina lake zenye deni la dola 28,000. Mumewe, dereva wa lori, ana kadi yake moja yenye deni la dola 4,000. Iko pia kadi moja waliyoiomba kwa pamoja walipokuwa wakinunua samani, yenye deni la dola 6,000. Mke akiwasilisha ombi peke yake chini ya Sura ya 7 na kufanikiwa, zile dola 28,000 zinafutika. Dola 4,000 za mume haziguswi. Zile 6,000 za pamoja zinafutika kwa upande wa mke, lakini mume anaendelea kudaiwa zote, si nusu. Wengi hushangazwa na jambo hilo, kwani hudhani kila mmoja ana fungu lake. Benki haikukopesha mafungu. Ilimkopesha kila mmoja wao deni zima.

Lazima pia itofautishwe kati ya mwenye kadi mwenza na mtu aliyeruhusiwa tu kuitumia. Benki nyingi humpa mwenzi kadi yenye jina lake juu ya akaunti ya mtu mwingine. Jina kuchapishwa kwenye plastiki peke yake halimfanyi kuwa mdaiwa. Kinachoangaliwa ni fomu ya maombi. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hesabu yoyote, mume na mke hutakiwa kutafuta mikataba ya kadi na kuchukua ripoti za mikopo za wote wawili, si ya mmoja tu.

Kipimo kingine ni ndoa yenyewe. Mahakama huitazama ndoa inayotambuliwa na sheria ya jimbo. Watu waliofungishwa ndoa msikitini au kanisani bila ya cheti cha serikali wanapaswa kumwuliza mwanasheria kuhusu hadhi yao kabla ya kujaza fomu, kwa kuwa kila kitu kinachoandikwa humo huandikwa chini ya kiapo.

Majimbo ambako ndoa ni mfuko mmoja

Jibu hubadilika pale familia hiyohiyo inapohamia Seattle. Majimbo 9, yaani Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin, yanafuata utaratibu ambapo kwa jumla kinachopatikana wakati wa ndoa huhesabiwa kuwa mali ya wote wawili, hata kama jina lililoandikwa ni moja. Katika jimbo la Washington, mke akiwasilisha ombi peke yake, kinachoingia mikononi mwa mfilisi si nusu yake tu, bali mali yote ya pamoja ya ndoa iliyo chini ya mamlaka yake au ya wote wawili. Gari alilonunua mume kwa mshahara wake baada ya harusi linaweza kuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo, wadai wa mume pia huorodheshwa.

Lakini ukali huo una fidia yake, nayo haijulikani sana. Baada ya deni kufutwa, wadai waliokuwa na haki juu ya mfuko wa ndoa, wakiwamo wa mwenzi ambaye hakuwasilisha ombi, kwa kawaida hawawezi tena kuifuata mali ya pamoja itakayochumwa baadaye. Mume bado ni mdaiwa kwa jina, lakini wadai hawana mkono wa kuifikia mishahara ya ndoa inayokuja. Kinga hiyo hudumu kadiri ndoa inavyodumu. Ikivunjika kwa talaka au kifo, hakuna tena mfuko wa ndoa wa kulindwa, na mdai wa zamani anaweza kurudi kwa yule ambaye jina lake halikuwamo kwenye ombi.

Maryland na Virginia, waliko wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki, zina utaratibu mwingine tena, kama ilivyo Pennsylvania na Florida. Huko mume na mke wanaweza kumiliki nyumba kama mwili mmoja usiogawanyika, na mdai wa mmoja wao hawezi kuigusa. Mume anayefilisika peke yake huko Maryland kwa madeni yake binafsi anaweza kuikuta nyumba yao iko salama. Ila kinga hiyo haifanyi kazi dhidi ya deni la pamoja. Kadi moja ndogo yenye saini mbili inaweza kumpa mfilisi njia ya kuifikia nyumba kwa kiasi cha deni hilo. Ndiyo maana kadi iliyofunguliwa kwa ajili ya samani haipaswi kupuuzwa kwa sababu tu deni lake ni dogo.

Kipato cha asiyefilisika

Mabadiliko ya mwaka 2005 yaliweka kipimo cha kipato kwa anayetaka Sura ya 7. Mapato ya miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kuwasilisha ombi hujumlishwa, hupigiwa hesabu ya mwaka, kisha hulinganishwa na kipato cha kati cha kaya yenye idadi hiyohiyo ya watu katika jimbo. Kwa wanandoa wanaoishi nyumba moja, mapato ya wote wawili huingia, hata kama ombi ni la mmoja. Msaidizi wa wauguzi anayepata kidogo anaweza kuvuka kiwango kwa sababu ya mshahara wa mumewe anayeendesha lori.

Kuvuka kiwango hakumaanishi kwamba mlango umefungwa. Katika hatua ya pili fomu inaruhusu kutoa ile sehemu ya kipato cha mwenzi isiyotumika kwa matumizi ya nyumba: marejesho ya deni lake mwenyewe, kodi anayodaiwa, au fedha anazotumia kuwatunza watu wasiomtegemea mwombaji. Kwa familia za wahamiaji kifungu hiki kina uzito. Dola 400 ambazo mume humpelekea mama yake Tanga au Kisumu kila mwezi, zikiwa zimethibitishwa kwa risiti za kampuni za kutuma fedha, zinaweza kuondolewa katika hesabu. Risiti hizo, ambazo wengi huzitupa, huwa na thamani siku hiyo.

Wapo pia ambao mume au mke bado yuko Zanzibar, Bujumbura au Nairobi akisubiri viza. Wanandoa wanaoishi mbalimbali kwa sababu za kweli, na si kwa kukwepa kipimo, hawalazimiki kuhesabu kipato chote cha aliye mbali. Huhesabiwa kile tu anachochangia mara kwa mara. Kwa kawaida, bila shaka, fedha husafiri kwa upande wa pili.

Kiwanja cha nyumbani na fedha za upatu

Sheria inasema mali ya mdaiwa ni mali yake popote ilipo na kwa yeyote iliyo mikononi mwake. Kiwanja cha Kigamboni au shamba la Kilifi ni sehemu ya orodha, sawa na gari lililoegeshwa mlangoni. Kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha ya mdaiwa na kuandikwa jina la kaka yake nacho lazima kielezwe. Kudhani kwamba mahakama ya Ohio haiwezi kujua habari za Kigamboni ni kucheza na moto: stakabadhi za benki huonyesha fedha zilikokwenda, na ndugu aliyekorofishana na mdaiwa anaweza kumwandikia mfilisi barua. Kuficha mali kwa makusudi ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka 5 gerezani, mbali na kupoteza msamaha wa madeni yote.

Mtego ulio karibu zaidi na ndoa ni ule wa kuhamisha mali. Mume anayeona kesi inakuja humwandikisha mkewe gari au akiba, akiamini kwamba kwa kuwa mkewe hafilisiki, mali imesalimika. Mfilisi anaruhusiwa kurudi nyuma miaka 2 kwa sheria ya shirikisho, na mara nyingi hadi miaka 4 kwa sheria za majimbo, kutengua uhamishaji usiolipiwa thamani halali. Ikionekana ulifanywa ndani ya mwaka mmoja kwa nia ya kuwakwepa wadai, mahakama inaweza kukataa kumfutia deni lolote.

Malipo kwa ndugu huchunguzwa pia. Aliyemrejeshea dada yake mkopo wa dola 5,000 miezi 8 kabla ya kuwasilisha ombi anaweza kusababisha mfilisi amdai dada huyo fedha zile, kwa hoja kwamba ndugu alipendelewa kuliko benki. Hali kadhalika upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita. Aliyekwisha kupokea zamu yake na bado anadaiwa michango ana deni, na wenzake ni wadai wanaopaswa kuorodheshwa kwa majina. Hapo aibu huanza kuuma kuliko sheria, kwani benki haitamnyima salamu msibani. Sheria, hata hivyo, haimzuii mtu kumlipa kwa hiari yake mdai ambaye deni lake limefutwa, akitumia mapato yake ya baadaye. Inachokataza ni mdai kumshurutisha. Kwa wale wanaoamini kwamba deni la mtu haliishi mpaka lilipwe, nafasi hiyo ipo.

Matumizi ya dakika za mwisho nayo yana hatari yake. Ununuzi wa anasa ndani ya siku 90 kabla ya ombi, au fedha taslimu zilizochukuliwa kwa kadi ndani ya siku 70, vikizidi viwango vilivyowekwa, huchukuliwa kuwa ni udanganyifu mpaka mdaiwa athibitishe vinginevyo. Na yapo madeni ambayo ufilisi kwa kawaida hauyagusi: matunzo ya watoto na ya mtalaka, kodi nyingi za karibuni, na mikopo ya masomo isipokuwa kwa dhiki iliyothibitishwa.

Lini peke yake, lini pamoja

Wanaochagua njia ya mtu mmoja huwa na sababu zinazoeleweka. Karibu madeni yote yako kwa jina moja. Mwingine ana rekodi safi ambayo familia inaihitaji kwa ajili ya nyumba. Au mwingine alikwisha kufutiwa madeni chini ya Sura ya 7 na miaka 8 inayotakiwa haijapita. Ufilisi wa Sura ya 7 unaweza kukaa kwenye ripoti ya mikopo ya aliyeuomba kwa miaka 10, lakini haupaswi kuonekana katika ripoti ya mwenzake. Faida nyingine ni kwamba aliyebaki nje bado ana mlango wake, ukija kuhitajika.

Pale ambapo kadi nyingi zina saini mbili, kwenda peke yake ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine ndani ya nyumba ileile. Ombi la pamoja hulipiwa ada moja, dola 338 kwa Sura ya 7, mbali na malipo ya wakili. Maombi mawili hulipiwa mara mbili. Mwenye kipato cha chini anaweza kuomba asamehewe ada hiyo. Sura ya 13 nayo ina kinga ambayo Sura ya 7 haina: kwa madeni ya matumizi ya nyumbani, mdai kwa kawaida huzuiwa kumfuata mwenye saini ya pili wakati mpango wa malipo unaendelea, ingawa kiasi kitakachobaki bila kulipwa atakuja kudaiwa.

Kwa wasikilizaji walioko Uingereza utaratibu ni tofauti. England na Wales hazina ombi la pamoja la mume na mke. Kila mmoja hufilisika kwa nafsi yake, na kwa deni lenye saini mbili, aliyebaki hudaiwa lote, sawasawa na Ohio.

Kabla ya ombi la Marekani kupokelewa, mwombaji hutakiwa awe amepata ushauri wa madeni kutoka shirika lililoidhinishwa ndani ya siku 180 zilizotangulia. Wiki chache baada ya ombi huja kikao na mfilisi, ambacho siku hizi hufanyika zaidi kwa video. Mwombaji huapishwa na kuulizwa kuhusu mali, kipato na fedha alizotuma. Asiyemudu Kiingereza hupewa mkalimani kwa simu bila malipo. Mwenzi asiyefilisika hahitajiki kuwapo. Mwombaji huhudhuria pia kozi ya usimamizi wa fedha, na ikiwa hakuna pingamizi, takriban miezi miwili baada ya kikao amri ya kufuta madeni hutolewa na kutumwa kwa wadai wote walioorodheshwa. Jina linaloandikwa juu ya amri hiyo ni moja, na benki yenye kadi ya saini mbili ina haki ya kumtumia ankara mwenye jina la pili mwezi huohuo.